Sura Tatu kwenye Boksi la Sabuni

Siku wimbo wa Mabinti Sare ulipopigwa redioni kwa mara ya kwanza, Mama alikuwa anapiga pasi shati la mteja, na shati hilo halikupona.

Mtangazaji alilitaja jina la kundi sawasawa, bila kulitafuna, na hapo tu Kitinda, mtoto wa mwisho, akawa ameshapanda juu ya kochi na kuanza kucheza. Kengele, dada yake, aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Besi, mkubwa wao, hakupiga kelele wala hakucheza. Alivuta kigoda hadi karibu na redio akainama, maana wenzake walitaka kuusikia wimbo, lakini yeye alitaka kujisikia mwenyewe. Sauti ya juu ilikuwa ya Kengele, ya kati ya Kitinda, na ya chini, ile inayotoka tumboni kama ya mjomba aliyeshiba, ilikuwa yake. Ndiyo iliyompa jina tangu shuleni.

Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza kiitikio, kisha akakunja uso.

"Mbona sisikii mluzi wangu?"

Besi alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele. Wanaume waliusifia mwanya huo, lakini yeye aliuchukia, kwa sababu kila alipoimba kwa nguvu hewa ilipenya hapo na kutoa mluzi mwembamba. Tangu utotoni wenzake walimtania kwamba akiimba anaita mbwa wa mtaa mzima. Sasa redio ilikuwa inamtoa akiwa safi, hana doa.

"Mashine," Mama alisema. Alikuwa amesimama, pasi mkononi. "Mashine za siku hizi zinaondoa kila kitu, mwanangu. Zinaondoa hata kikohozi, sembuse mluzi."

"Kweli, Kengele? Si wewe uliyerudi studio nilipokuwa na mafua?"

"Ndiyo," Kengele alisema. "Fundi alisafisha-safisha."

Besi akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani daktari wa meno ananitajia bei ya kuuzia nyumba, kumbe dawa anayo Fundi wa studio."

Wakacheka wote, na walikuwa bado wanacheka harufu ya nguo inayoungua ilipojaa sebuleni. Kola ya shati ilikuwa imebaki na alama ya pasi, kahawia, imekaa kama muhuri. Mama alimwomba mteja radhi, akamshonea shati jingine kwa kitambaa chake mwenyewe, na kwa muda mrefu mabinti walisimulia kwa majirani jinsi Mama alivyochanganyikiwa kwa furaha.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jina la kundi lilitokana na Mama mwenyewe, fundi cherehani, aliyewashonea nguo za aina moja kutoka jora moja tangu walipoanza kuimba kwenye sherehe za shule. Alifanya hivyo kwa sababu kitambaa cha jora moja ni rahisi, na pia kwa sababu hakutaka mtu aingie nyumbani kwake akaanza kubagua kwa macho yupi ni wake na yupi siye. Kengele alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Aliletwa akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na jioni ya siku ile ile alimwita Mama "Mama" kwa kuwa ndivyo wenzake walivyomwita. Mtu akiuliza, Mama alisema ana mabinti watatu, na maelezo yakaishia hapo.

Basi watatu hao wakaanza kuitwa kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa maduka, kwenye mikutano ya vyama vya akiba ambako watu huanza kusikiliza baada ya kula. Besi aliacha kazi ya kaunta kwenye duka la mikate. Mtu hawezi kuwa kiongozi wa kundi la muziki na huku anahesabu mikate, alimwambia mwenye duka, na mwenye duka akamtakia heri kwa namna ya mtu ambaye ameshayasikia maneno hayo kwa watu wengi. Yeye ndiye aliyepokea simu, aliyepanga safari, aliyejibu maswali ya watangazaji. Kitinda alishughulikia nywele. Kengele alibeba mabegi bila kuambiwa.

Umaarufu wenyewe ulikuwa na adabu zake. Walibadilishia nguo stoo, kati ya magunia ya unga na makreti ya soda, mmoja akishikilia mlango usiokuwa na komeo. Kwenye harusi moja waliambiwa wakale na madereva. Kwenye nyingine waliombwa warudie wimbo mwanzo kwa sababu baba mdogo wa bwana harusi alikuwa msalani. Na popote walipokwenda waliimba kwa kuchezesha midomo tu. Rekodi iliwekwa, muziki ukalia, na wao walishika vipaza sauti visivyounganishwa popote, wakapanua midomo pale panapotakiwa. Hakuna aliyeona ubaya, kwani ndivyo walivyofanya wasanii wote wa daraja lao, na wenye sherehe hawakuwa tayari kukodi vyombo.

Besi alikuwa stadi wa kazi hiyo. Alijua kila pumzi ya ule wimbo. Wakati wa sauti ya chini alifumba macho, akaweka kiganja kifuani, na wanawake wa mistari ya mbele wakatikisa vichwa. Wakishuka, watu walimjia yeye kwanza.

"Ni wewe mwenye ile sauti nzito? Inaniingia mpaka kwenye mifupa, dada."

"Asante, mama yangu," Besi alijibu, macho chini. "Ni kipaji tu."

Kengele naye, kila wenzake walipokuwa wakipongezwa, alikuwa ameshageuka kukunja nguo. Alizidi kuwa mkimya kadiri kundi lilivyozidi kujulikana. Besi aliliona hilo na akalitafsiri anavyojua yeye.

"Huyu mtoto kichwa kimeanza kuvimba," alimwambia Mama. "Siku hizi hata hacheki na sisi."

"Amechoka," Mama alisema. "Mwache."

*

Kampuni ya sabuni iliwaita ofisini mchana mmoja wa joto. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine, zulia linalomeza nyayo, na rafu nzima ya maboksi ya sabuni yaliyopangwa kama vitabu. Meneja wa matangazo alikuwa mama wa makamo, miwani kichwani, anayezungumza taratibu kwa kuwa hakuna mtu anayemkatiza. Fundi wa studio naye alikuwepo, ameitwa kama mwenye rekodi, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Tunatoa sabuni mpya," Meneja alisema. "Nataka sura zenu tatu kwenye boksi, na wimbo wenu kwenye tangazo. Mwaka mmoja, kisha tutaona. Lakini siku ya uzinduzi televisheni itarusha moja kwa moja, na bosi wetu hapendi mambo ya kuchezesha midomo. Niimbieni kidogo, hapa hapa."

Waliimba kiitikio wamesimama mbele ya meza. Waliimba vizuri. Mluzi wa Besi ulikata hewa mara mbili, mwembamba, dhahiri, na katibu aliyekuwa anachapa kazi mezani kwake aliinua kichwa.

"Tena, tafadhali," Meneja alisema. "Wewe wa sauti ya chini, peke yako."

Besi akaimba peke yake. Ofisi ilikuwa kimya mno, na kila mluzi ulisikika mkubwa kuliko wimbo.

"Kwenye rekodi huimbi hivyo."

"Ni huu mwanya," Besi alisema, akaziba mdomo kwa mkono, akicheka kidogo ili wamwonee huruma kwa upole. "Studio waliuondoa mluzi kwa mashine."

Meneja akamgeukia Fundi. "Kuna mashine ya hivyo?"

Fundi aliangalia mikunjo ya shati lake. "Kupunguza inawezekana, mama. Kidogo."

"Kuondoa kabisa?"

"Kabisa, hapana. Ningekuwa nayo hiyo, mama, ningekuwa tajiri."

Meneja hakupandisha sauti. Alishusha miwani machoni. "Kwa hiyo nani anaimba sauti ya chini kwenye wimbo?"

Besi alimtazama Fundi, kisha Kitinda, na kwa kuwa walikwepa macho yake, akamtazama Kengele.

"Mimi," Kengele alisema.

"Na ya kati?"

"Mimi."

"Zote tatu?"

"Ndiyo, mama."

Meneja akaandika kitu. Kama alishangaa, hakuonyesha. Alikuwa ameshaona mengi kwenye kazi hiyo, na hili halikuharibu kitu chochote kilichokuwa mezani kwake. "Basi hakuna tatizo," akasema. "Msiogope. Sauti tunayo na sura tunazo. Siku ya uzinduzi kipaza sauti cha huyu kitawashwa, bosi akisikia sauti moja hai ataridhika; vyenu wawili vitazimwa, zile sauti nyingine zitatoka kwenye mtambo. Nyinyi mtapanua midomo kama kawaida yenu. Malipo ni sawa kwa wote watatu. Mkazungumze nyumbani."

Walipoinuka, katibu alimpa kila mmoja mche wa sabuni ya majaribio, umefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Besi aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, na alikumbuka hiyo asante kwa miaka mingi kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

*

Mama aliwaona wakiingia mmoja mmoja badala ya pamoja, akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Vipi? Wamekataa?"

"Wamekubali," Kitinda alisema. "Watatuweka kwenye boksi."

"Sasa mbona mmekaa kama mmetoka msibani?"

Besi aliweka ule mche wa sabuni juu ya kitambaa kilichokuwa kinashonwa. "Mwulize mwanao huyu. Mwulize nani anaimba kwenye wimbo wetu."

Kengele alikuwa amesimama mlangoni, hajavua viatu. "Dada, nisikilize. Siku ile ulikuwa huwezi hata kuomba maji. Fundi aliniita akaniambia sauti yako kwenye rekodi haifai, na redio wanautaka wimbo wiki hiyo hiyo. Akasema imba tu wewe, iwe kama alama, mwenyewe akipona atakuja kurudia. Nikaimba. Kisha akasema ya Kitinda sasa haikai vizuri na hii, imba na hiyo. Nikaimba. Nikangoja akuite. Hakukuita."

"Na wewe huna mdomo?"

"Nilikuja nyumbani nikwambie. Nikakuta umeshawatangazia majirani wote siku wimbo utakapotoka. Nikasema nitakwambia kesho."

"Kesho hiyo imekuwa mwaka mzima, Kengele. Watu wananishika mkono, wananiambia sauti yangu inawaingia kwenye mifupa, na wewe umesimama pembeni unanitazama nikisema asante."

"Kila uliposema asante nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Haikupasuka."

Kitinda alijitupa kwenye kochi. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini wewe?"

"Kwamba si mimi. Pale kwenye kiitikio mimi sifiki, nakatikia njiani, nyote mnajua. Nilipojisikia redioni nimefika, nikasema huyu si mimi huyu. Lakini nikanyamaza." Aliinua mabega. "Mimi nilitaka picha, dada. Sikufichi."

Siku nyingine wangecheka. Besi alimgeukia Mama. Alihitaji angalau mtu mmoja aliyedanganywa pamoja naye, ili aibu ile waigawane.

"Umesikia, Mama? Wametufanya wajinga, mimi na wewe."

Mama alikuwa anachomoa uzi kwenye sindano ya cherehani, uzi ambao haukuwa na haja ya kuchomolewa.

"Mama."

"Nimewazaa mimi," Mama alisema taratibu. "Nimewasikia mkilia humu ndani, mkikohoa, mkiota mnaongea. Unadhani redio ingenipotezea sauti ya mwanangu?"

"Ulijua."

"Tangu siku ile ile. Niliunguza shati la watu."

"Wewe ndiye uliyeniambia ni mashine."

"Ningesema nini? Ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda, umefurahi. Sijakuona umefurahi namna ile tangu baba yako afariki. Nikasema wacha, wimbo wa pili ataimba mwenyewe. Na nilijua mkianza kuulizana nani kaimba na nani hakuimba, hamtabaki watatu. Mimi nimewazaa watatu, nataka..."

"Wawili," Besi alisema.

Mama aliuachia ule uzi.

"Umetuzaa wawili, Mama. Huyu uliletewa."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile, hata kwa utani, hata siku ambazo Kengele alivunja vyombo. Lilipotoka, hakuna aliyefoka. Kengele aliinama, akavua viatu vyake polepole, akavipanga pale vinapokaa viatu vya wote, akapita kati yao na kuingia chumbani. Kitinda aliketi vizuri. Besi mwenyewe alijua alichokifanya kabla hajamaliza kukisema, na kama angemfuata Kengele chumbani wakati ule ule, huenda kingefutika. Lakini alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, ndiyo maana hakuona njia ya kuishusha. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

"Mwombe radhi," Mama alimwambia baadaye.

"Mimi niombe? Na mimi nani ataniomba?"

"Mimi nakuomba. Nisamehe. Sasa nenda kamwombe mwenzako."

Besi hakwenda. Kesho yake alipika chai, akammiminia Kengele kikombe cha kwanza, na Kengele akasema asante, dada. Besi akajiambia kwamba limekwisha.

*

Walikubali mkataba. Paa la nyumba lilikuwa linavuja juu ya vitanda, na Kitinda alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi ambako hawakubali ahadi. Besi aliweka sahihi wa kwanza, kama mkubwa. Kwa hesabu yake, kukubali kwake kusimama jukwaani kama sanamu ndiyo ilikuwa radhi aliyomwomba Kengele, na kubwa kuliko maneno. Hakumwambia mtu kwamba ndivyo alivyohesabu.

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa mbele wa ghala la kampuni. Kulikuwa na jukwaa, kamera, maturubai, na boksi la sabuni la ukubwa wa chumba, lenye sura zao tatu zikitabasamu. Besi alijiona pale juu, katikati, mkubwa kuliko mlango. Mama alikaa mstari wa mbele kwenye kiti kilichobandikwa karatasi iliyoandikwa "Familia".

Nyuma ya jukwaa kijana wa mitambo aligawa vipaza sauti. Viwili vilikuwa vimezungushiwa utepe mwekundu.

"Vyenye utepe ni vya wasioimba," akasema, bila ubaya wowote. "Nisije nikachanganya."

Wimbo ukaanza. Kengele aliimba kwa sauti yake mwenyewe, hai, na ilikuwa nzuri kuliko kwenye rekodi. Uwanja ukatulia. Kisha ikafika zamu ya sauti ya chini, ikatoka kwenye spika nzito na tulivu, na Besi akafumba macho, akaweka kiganja kifuani, akapanua mdomo. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi sana mbele za watu. Sasa alisikia jinsi Kengele alivyomwiga: alivyoburuta mwisho wa kila mstari, alivyokaza koo kidogo kabla ya kushuka, mambo yote aliyodhani ni yake peke yake. Alikuwa ameigwa kwa upendo, na hilo alilisikia pia. Lakini hakukuwa na kazi yoyote iliyobaki kwake.

Akafumba mdomo.

Hakuwa amepanga. Aliufumba tu, akashusha kipaza sauti kikaning'inia ubavuni, na akafumbua macho. Sauti ya chini ikaendelea kuimba. Mwanzo hakuna aliyeona. Kisha mwanamke mmoja wa mstari wa tatu akamgusa mwenzake, mwenzake akanyoosha kidole, na kicheko kikatambaa nyuma hadi kwenye maturubai. Simu zikainuliwa. Kitinda, badala ya kunyamaza, aliingiwa na woga akaongeza bidii, akapanua mdomo zaidi hadi pale pasipokuwa na maneno, na kicheko kikawa kikubwa. Mama aliinamisha uso akaangalia mapaja yake.

Kengele hakugeuka. Aliimba mpaka mwisho, beti zote, kwa sababu ameahidi kuimba, na alipomaliza aliinamia watu kwa heshima. Waliosimama na kupiga makofi walikuwa wanampigia yeye, na walikuwa na haki.

Meneja aliwakuta nyuma ya jukwaa. Sauti yake ilikuwa ile ile ya ofisini. "Nyinyi wawili mnaweza kwenda kubadilisha nguo," akasema. "Kengele, wewe baki tuongee."

*

Kundi halikutangazwa kuvunjika. Halikuitwa tena, basi. Maboksi yalichapishwa upya yakiwa na sura moja, na kampuni ikampangia Kengele chumba karibu na studio, maana sasa kazi zake zilikuwa za kila siku. Besi alirudi kwenye duka la mikate. Kaunta ilikuwa na msichana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, kwa hiyo akaanzia nyuma, kwenye kufunga mikate, chini ya msichana huyo, ambaye alimwita dada na kumkumbusha kuvaa kofia ya nywele.

Siku Kengele alipohama, Besi aliomba ruhusa akaja nyumbani mchana. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Alimkuta chumbani anafunga begi. Zile nguo za jukwaani za jora moja alikuwa ameziacha zimening'inia pamoja na zao.

"Kengele," akasema, "lile neno langu."

"Neno gani, dada?"

"Unalijua."

Kengele alikunja kanga, akaiweka, akaipapasa iwe bapa. "Sina kinyongo na wewe. Mimi nilikukosea kwanza, tena mwaka mzima. Wewe ulisema mara moja tu."

"Nilisema kwa hasira."

"Najua. Lakini hukusema uongo." Alivuta zipu ya begi. "Ada ya Kitinda nimeshailipa ya mwaka huu. Usimwambie ni mimi, atajisikia vibaya."

Yale maneno Besi aliyoyapanga yalikuwa ya kumjibu mtu mwenye hasira, na hapa hapakuwa na mtu wa hivyo. Alichukua begi, angalau abebe hilo. Kengele alimwachia.

Gari la kampuni lilikuwa limesimama nje, injini inaunguruma. Majirani wawili watatu walikuwa wamejipa shughuli za kufanya karibu na hapo, mmoja akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mama alisimama kizingitini, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Utakuja Jumapili?"

"Nikipata nafasi nitakuja."

"Usikae na njaa kwa ajili ya kazi. Na ufunge mlango."

"Nitafunga."

Kengele alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kukunja magoti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri anavyowaaga wakubwa.

"Haya, baki salama, Mama Mkubwa."

Hakuna kosa lolote katika neno hilo. Ndivyo mtu anavyomwita dada mkubwa wa mama yake, na alilisema kwa heshima, wazi, hata yule wa ufagio akalisikia na asione la kusimulia. Mama aliivua futi shingoni, akaikunja.

"Nenda salama," akasema.

Gari liliondoka, likakata kona. Mama aliingia ndani, akaketi kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, lakini mguu wake haukukanyaga. Besi alibaki amesimama karibu na mlango, mikono mitupu.

"Umesikia alivyoniita?" Mama aliuliza.

"Sikusikia, Mama," Besi alisema. "Gari lilikuwa linaunguruma."

Mama alimtazama kwa muda, kama alivyozoea kutazama mshono anaoshuku, kisha akageuza macho.

"Haya," akasema, akaanza kushona.